Kabla ya Kusema Kimekufa

Nilianza kufundisha mwaka 1972, nikitoka chuo cha ualimu na sanduku la bati lenye suruali mbili na vitabu vinne, na nilistaafu mwaka 2011 nikiwa mwalimu mkuu. Katika miaka hiyo yote nililitamka neno "kibovu" mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Saa ya ukutani ni mbovu. Karabai ni bovu. Mtoto yule wa dawati la nyuma kichwa chake ni kibovu. Nililitamka kama hakimu anavyosoma hukumu, na hakuna aliyenidai ushahidi, kwa sababu katika shule zetu mwalimu mkuu hadaiwi ushahidi.

Leo nataka kulishitaki neno hilo, na kujishitaki mimi pamoja na wenzangu wa chaki. Kielelezo changu ni kipaza sauti cha kompyuta mpakato kilichoacha kufanya kazi mwaka 2022. Msomaji atasema hilo ni jambo dogo. Namwomba avumilie mpaka mwisho, kisha alipime mwenyewe.

Nina shangazi, kitinda mimba kwa babu yangu, aliyeolewa ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti. Kutoka kwangu Tarime mtu hupita Nyamongo, akavuka mto, akashika njia ya Mugumu, kisha akaiacha barabara na kuingia vijijini. Mwaka huo shangazi alikuwa amevuka miaka tisini kwa hesabu ya marika yetu, maana cheti cha kuzaliwa hana. Katika ujana wake ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo wakati wanawake wakipalilia ulezi kwa kusaidiana, leo shamba la huyu, kesho la yule. Siku moja aliniambia kwamba nyimbo anazozikumbuka toka mwanzo hadi mwisho ni kumi na moja. Alizihesabu kwa vidole, vikaisha, akashika sikio lake kuongeza ya kumi na moja.

Nikaamua kuzihifadhi. Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu kama mimi, aliniuliza kwa nini nisiziandike tu kwa kalamu. Swali lilikuwa la haki, na jibu lake ni hili. Kikuria ni lugha ya toni. Katika vitenzi vyetu sauti ya juu huwekwa kwa kuhesabu mapigo kutoka mwanzo wa shina: katika njeo moja huangukia pigo la kwanza, katika nyingine la pili, la tatu, hata la nne. Wanaisimu wameandika mengi juu ya hesabu hiyo, na bibi yangu aliifuata bila kukosea ingawa hakuwahi kukaa darasani. Herufi tulizozoea haziionyeshi. Ukiuandika wimbo wa Kikuria kwa kalamu umeandika mifupa, na nyama imebaki kinywani mwa mwimbaji. Ilinipasa kuichukua sauti yenyewe.

Mwanangu anayefanya kazi Mwanza alikuwa amenipa kompyuta mpakato, nami nilikuwa nimeizoea kidogo. Nilikuwa nimezungumza naye kwa mashine hiyo tukionana uso kwa uso, akanisikia vizuri. Kwa hiyo nilifika kwa shangazi nikiwa na imani. Nikaiweka juu ya kigoda, nikafungua programu ya kunasa sauti, nikabonyeza. Shangazi akarekebisha kitenge, akafumba macho, akaimba wimbo wa kwanza wote, beti baada ya beti, mkono mmoja ukienda mbele na kurudi kama ushikao jembe. Alipomaliza nikatazama kioo. Ule mstari unaopaswa kucheza mtu anaposema ulikuwa umelala kimya. Nikarudisha nyuma tusikilize. Hatukusikia kitu.

"Imekataa?" akaniuliza.

"Imekataa, shangazi."

Akacheka. "Mashine yako ni kiziwi. Ipeleke ikatibiwe, kisha urudi. Mimi nipo."

Sasa fuatana nami, msomaji, uone jinsi tunavyotibu.

Kwanza niliipeleka kwa kijana mmoja anayefundisha somo la kompyuta katika shule fulani ya sekondari. Ni kijana mwenye adabu. Alinipa shikamoo, akanipa kiti. Akaiwasha mashine, akasema "halo, halo," akautazama mstari uliolala, akafunga kifuniko. "Mwalimu, maiki ya hii imekufa." Haikuchukua dakika mbili. Nilimshukuru, nikaondoka.

Pili niliipeleka kwa fundi mjini. Hapo Kiswahili chetu kilinicheza. Nilimwambia kwamba kipaza sauti hakifanyi kazi. Fundi akafungulia muziki, duka lote likatetemeka. "Mzee, mbona kinapaza?" Kumbe neno hilo moja tunalitumia kwa vitu viwili: kile kinachotoa sauti na kile kinachoipokea. Chombo kinachopokea hakipazi chochote, kinasikiliza tu. Tulipoelewana, akaigeuza mashine juu chini, akasema sehemu hiyo imeungua, inabidi kiagizwe kipuri Mwanza, na akanitajia bei ya mbuzi wawili. Nikamwambia nitarudi nikiuza mahindi.

Nilikaa wiki saba nikisubiri bei ya mahindi ipande. Katika wiki hizo mashine ililala mezani, imefunikwa kitambaa kama maiti.

Ukitafakari utaona jambo la ajabu. Wataalamu wawili waliipima mashine ile, nami mwenyewe nikiwa wa tatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza maswali mawili ambayo kila mganga wa zahanati huanza nayo: Mara ya mwisho ulikuwa mzima lini? Na tangu hapo kimebadilika nini? Sote watatu tulirukia kwenye kifo.

Likizo ya Juni ilipofika akaja mjukuu wangu, wakati huo akiwa kidato cha tatu. Akaiona mashine chini ya kitambaa, akauliza ina nini. Nikamjibu kwa sauti ya hukumu, "Maiki imekufa." Hakubisha, kwa kuwa amelelewa vizuri. Aliuliza tu, "Babu, mara ya mwisho ilisikia lini?"

Nikamwambia: nilipozungumza na baba yako.

"Na baada ya hapo uliigusa wapi?"

Nilitaka kusema sikuigusa popote. Kisha nikakumbuka, na uso ukanipata joto. Wiki chache kabla ya safari ya kwa shangazi, tukiwa msibani, mtu mmoja alituonya wazee kwamba kompyuta husikiliza maneno ya watu ndani ya nyumba zao na kuyapeleka mbali. Niliporudi nyumbani niliingia kwenye mipangilio, nikafika sehemu ya faragha, nikaona mahali pa kipaza sauti pana swichi inayowaka. Nikaizima. Nikalala usingizi mzuri, na nikasahau.

Mjukuu wangu alikwenda palepale, akaiwasha ile swichi, akaniambia niseme neno. Nikasema jina la mama yangu. Mstari ukaruka.

Kazi yote haikufika dakika tano, na haikugharimu hata shilingi moja. Mashine haikuwa kiziwi wala haikuwa imekufa. Ilikuwa imenyimwa ruhusa ya kusikia, na aliyeinyima ni mimi.

Nilimuuliza binti yule kama jambo hilo wamefundishwa shuleni. Akanionyesha daftari. Kulikuwa na ufafanuzi mzuri wa kipaza sauti, kwamba ni kifaa cha kuingizia taarifa kwenye kompyuta, na chini yake orodha ya vifaa vya aina hiyo, na alama ya vema kwa wino mwekundu. Kumhusu mtu afanyeje kifaa hicho kinaponyamaza, hapakuwa na neno. Hilo alijifunza mwenyewe, kwa kuchezea simu na kuiharibu na kuitengeneza.

Kwa faida ya msomaji ambaye naye ana mashine chini ya kitambaa, nitaeleza utaratibu alionifundisha mjukuu wangu. Huanzia karibu na kwenda mbali, na huanzia kwa lisilo na gharama na kuishia kwa lenye gharama. Tazama kwanza kama umechomeka hedifoni au umeziunganisha bila waya, kwa maana mara nyingi kompyuta huhamishia sikio lake huko, na hedifoni zikiwa mbovu itabaki inasubiri sauti mahali pasipo na mtu. Tazama kitufe chenye picha ya kipaza sauti kilichokatwa kwa mstari. Kompyuta nyingi zinacho, na kidole hukigusa bila kukusudia. Tazama vile vitundu vidogo, aghalabu karibu na kamera juu ya kioo, usije ukawa umevibandika karatasi pamoja na kamera au vimejaa vumbi. Ingia kwenye mipangilio ya sauti uone kama kipaza sauti kilichochaguliwa ndicho unachokitumia, na kama kiwango chake hakiko kwenye sifuri. Nenda sehemu ya faragha uone kama ruhusa ipo, kwanza ya mashine nzima, kisha ya programu unayotaka kuitumia. Jaribu programu nyingine, kwa sababu huenda kosa ni la ile ya kwanza. Zima kompyuta, uiwashe tena. Angalia kama kuna sasisho lililoingia karibuni, au programu endeshi inayohitaji kuwekwa upya. Mwisho kabisa, azima kipaza sauti cha nje, ukichomeke. Kikisikia hicho na cha ndani kikabaki bubu, hapo ndipo unapoweza kumtuhumu yule wa ndani kuwa amekufa, na hapo ndipo fundi anapostahili mbuzi wako.

Na kanuni moja juu ya zote: badilisha jambo moja tu, kisha ujaribu. Ukibadilisha matano kwa pamoja na mashine ikapona, hujui dawa ilikuwa ipi, na kesho utakuwa mjinga vilevile.

Chombo chenyewe ni cha kuheshimiwa. Ndani yake mna utando mwembamba mno unaotikisika hewa inapotikisika, na mtikisiko huo unageuzwa kuwa umeme. Mwaka 1962, katika maabara za kampuni ya Bell huko Marekani, James West, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Virginia mwaka 1931, pamoja na mwenzake Gerhard Sessler kutoka Ujerumani, walibuni namna ya kukitengeneza kwa utando unaoshika chaji ya umeme wenyewe, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya vipaza sauti vya dunia ikawa ya namna hiyo. Vile vya kompyuta mpakato za leo huchongwa juu ya kipande cha silikoni chenye upana wa milimita chache. West amesimulia kwamba utotoni alikuwa akifungua kila kitu ajue kilivyo ndani, na kwamba akishughulika na redio moja alipigwa na umeme vibaya. Nimejiuliza mara nyingi mtoto wa namna hiyo angepata nini katika shule yangu. Najua jibu. Angepata viboko vinne kwa kuharibu mali ya shule.

Maana mimi nina kesi ya zamani. Mwaka 1973, nikiwa kijana, niliongoza kikundi cha kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Nchi nzima watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kama kile. Tulisikiliza kipindi, tukasoma kijitabu, kisha tukaulizana: hapa kwetu ugonjwa huu unatokana na nini, na tufanye nini? Watu wasiojua kusoma walitafuta chanzo, wakafukia madimbwi, wakachimba vyoo. Mwaka 1978, redio ya shule niliyokuwa nikifundisha ikanyamaza, nami ndiye niliyekuwa nimekabidhiwa vifaa. Niliitikisa, nikaipiga kofi, nikaandika "mbovu" katika daftari la mali, nikaifungia stoo. Nilikuwa nimejifunza kutafuta chanzo cha malaria, lakini chanzo cha ukimya wa redio sikukitafuta. Miaka sita baadaye mlinzi wa usiku aliiomba. Alikwangua kutu kwenye springi za betri kwa kisu, akatia betri mpya, ikasema. Watoto wa miaka sita walipita shuleni pale bila kusikia kipindi hata kimoja cha redio cha shule, kwa sababu ya kutu ambayo ingetoka kwa kisu cha jikoni.

Nasema basi, na naomba walimu wenzangu wasinikasirikie, kwamba ugonjwa huu wa kutangaza vifo tumeupanda sisi. Machi 1967 Mwalimu Nyerere, jirani yetu wa Butiama, alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Sisi tulilipokea kwa jembe. Tulilima bustani, tukafuga kuku, tukapeleka hesabu za mavuno wilayani, tukadhani tumemaliza. Lakini andiko lile lilidai pia akili ya kudadisi, mtu asiyekubali jambo kabla ya kulipima. Sehemu hiyo tuliiacha, kwa sababu jembe halimwulizi mwalimu maswali, na mtoto mdadisi humwuliza. Tukafundisha majibu. Mtoto aliyejibu "sijui, ngoja nitazame" alipata sifuri sawa na aliyekaa kimya, na aliyebahatisha kwa sauti kubwa alipigiwa makofi. Tushangae nini leo mtaalamu akiona aibu kusema "sijui bado" na badala yake akasema "imekufa"? Neno hilo la pili lina heshima ya elimu, na lina raha moja zaidi: likishatamkwa, kazi imekwisha.

Kuna jambo zito zaidi, na ndilo lililonifanya niandike. Katika shule nilizofundisha tulikuwa na kibao. Mtoto aliyesikika akisema Kikuria alivishwa kibao hicho shingoni, naye alikaa akiwavizia wenzake ampate wa kumvisha, na wa mwisho jioni alichapwa. Nilikisimamia kwa uaminifu. Nilitaka wajue Kiswahili, na Kiswahili ni lugha ninayoipenda kama unavyoona. Lakini waliingia darasa la kwanza watoto ambao lugha waliyoijua ni moja tu, na hiyo ndiyo niliyoizima. Baadhi yao walinyamaza mwaka mzima. Mimi, badala ya kuuliza ni lini mtoto huyu alisema mara ya mwisho, na tangu hapo nini kimebadilika, niliandika katika ripoti: mzito. Walikuwa wakisema vizuri nyumbani juzi yake. Kilichobadilika ni kwamba walifika kwangu. Baada ya miaka hamsini natembea na mashine vijijini nikiwaomba wazee waimbe kwa lugha ileile.

Nimeyajua majibu yatakayotolewa dhidi yangu. Wa kwanza atasema: fundi naye anakula wapi? Namjibu kwamba fundi halali ale kwa kutengeneza kilichoharibika, na ale hata kwa kugundua kwamba hakikuharibika. Yule fundi angeniambia, "Mzee, swichi ilikuwa imezimwa, nipe elfu tano," ningempa kumi na kumsifia soko zima. Bei ya kugundua ni bei ya haki. Bei ya kipuri kisichohitajika ina jina lingine, na sitalitaja.

Wa pili atasema: si kila mtu anaweza kuzijua mashine. Kweli kabisa, nami ni mmoja wao. Lakini mjukuu wangu hakuanza na ujuzi wa mashine. Alianza na maswali mawili, na maswali hayo hata mchunga ng'ombe anayajua. Ng'ombe akilala bila kusimama, mchungaji hasemi amekufa. Hutazama jana alikula wapi.

Wa tatu atasema kwamba vitu vingine hufa kweli. Hilo nalo sikatai. Kipo kipaza sauti kilichomwagiwa chai, kipo kilichokatika waya wake kwenye bawaba za kifuniko. Vitu vinakufa, na watu pia. Ninachodai ni kwamba kifo kiwe hukumu ya mwisho kwenye orodha, kisiwe ya kwanza.

Na wa nne, ambaye ndiye mwenye hoja nzito kuliko wote, ataniuliza: je, mtu yule wa msibani alikosea? Si kweli kwamba zipo programu zinazosikiliza zisichopaswa kusikia? Zipo, na ruhusa hiyo haikuwekwa bure. Mwenye nyumba ana haki ya kufunga mlango. Kosa langu halikuwa kufunga. Lilikuwa kufunga kwa hofu bila kujua ninafunga nini, kisha kusahau kwamba mkono uliofunga ni wangu, kisha kumlaumu aliye ndani kwa kutotoka. Siku hizi naipa ruhusa programu ya kunasa sauti peke yake, na nimeandika kwenye daftari tarehe niliyoitoa.

Sasa nimalize habari ya shangazi.

Siku ya pili baada ya mjukuu wangu kuiponya mashine nilikwenda ng'ambo ya mto, naye akanisindikiza. Tulimkuta shangazi ameketi ukutani, juani. Katika zile wiki saba alikuwa ameugua malaria kali, akalazwa, akarudi. Alinitambua, akamtambua na binti, akauliza habari za kila mtu nyumbani. Lakini alikuwa amepungua, kama mtungi unaovuja polepole. Tuliwasha mashine, mstari ukaanza kucheza kabla hata hajaimba, kwa kuwa ulikuwa ukisikia kuku. Akaimba wimbo mmoja wote. Akapumzika, akanywa uji, akaimba wa pili. Alipoanza wa tatu alifika katikati ya ubeti, akasimama, akatazama mbali kwa muda mrefu. Akarudia mwanzo. Akasimama palepale. Akasema, "Umeondoka."

Tulirudi mara tatu mwaka ule, na mara mbili mwaka uliofuata. Mbili ndizo tulizonazo. Ule wimbo wa kwanza, aliouimba wote akiwa mzima mbele ya mashine niliyoiziba masikio kwa mkono wangu, si mmoja wa hizo mbili. Niliwauliza wanawake wengine wa kijiji kile na wa vijiji vya jirani. Wanazo nyimbo zao, na nyingine tumezinasa, lakini zile tisa hawazijui. Wale walioziitikia naye shambani wametangulia wote.

Mjukuu wangu ameziweka nyimbo zile mbili mahali patatu: kwenye kompyuta, kwenye flashi iliyo ndani ya kabati langu, na kwa baba yake Mwanza. Ukizisikiliza unasikia kuku, unasikia mtu akikohoa, ambaye ni mimi, na unasikia kila toni ikikaa mahali pake kwa hesabu ambayo hakuna aliyemfundisha shangazi. Mwishoni mwa wa pili anauliza, "Safari hii imesikia?" na binti anamjibu kwamba imesikia.

Nilimwomba msomaji apime mwenyewe kama jambo hili ni dogo. Swichi ni ndogo kweli, kidole kimoja kinatosha. Kwa upande wangu, siku hizi mtu akiniletea habari kwamba kitu fulani ni kibovu, au mtoto fulani ni mzito, simpi jibu mpaka anijibu yeye kwanza: mara ya mwisho kilikuwa kizima lini, na tangu hapo nani amekigusa? Mara nyingi huondoka akiwa amekasirika. Wachache hurudi kesho yake wakicheka, na hao ndio ninaowaandikia.